Siku Mbili za Austin

Ndugu msomaji, umewahi kuitwa kwenye majaribio na mtu uliyekuwa ukila naye sahani moja? Mimi nimeitwa, na ndiyo maana naandika.

Mimi na mshikaji wangu tulianza pamoja kwenye geto moja pale Ilala, na gitaa lenye nyuzi tano. Wa sita ulikatika tukazoea hivyohivyo. Yeye anapiga, mimi nasoma mashairi juu yake. Majirani wakatuita vichaa. Baadaye yeye akapata bendi, ratiba na watu wa kumbebea vyombo. Mimi nikabaki na madaftari na maneno mengi mdomoni, mengine ya kumsema yeye. Mwezi uliopita akaniletea ujumbe: kuna onyesho, nafasi ipo, ila njoo kwanza tukusikilize, kama wenzako. Kama wenzako! Nilivimba, we acha tu. Sikumjibu.

Juma hilohilo nikaokota kanda kwenye sanduku la mjomba, aliyerudi nayo zamani kutoka masomoni Ujerumani. Juu yake kaandika kwa mkono: Bongo Fury. Nikajua ni mambo ya hapahapa kwetu Bongo. Kumbe wapi! Bongo ya wenzetu ni zile ngoma ndogo pacha, na wenye kanda ni Wamarekani wawili, Frank Zappa na Don Van Vliet, aliyejiita Captain Beefheart. Nikaweka kwenye redio. Dakika ya kwanza nilidhani kanda imeliwa. Ya tano nikavuta kigoda.

Mjomba aliponiona nimekaa pale akanipa kisa chao, na mengine nikayatafuta mwenyewe. Hawa walikutana wakiwa vijana wa shule huko Lancaster, mji wa jangwani California, miaka ya 1950. Kazi yao ilikuwa kukesha wakisikiliza santuri za bluzi. Mmoja akawa mtu wa mpangilio: anaandika nota, anaongoza bendi, hataki mzaha kwenye mazoezi. Mwingine akawa mtu wa maono, mshairi na mchoraji, mwenye sauti kama lori linalopanda mlima na gia ya kwanza. Mwaka 1969 Zappa alisimamia kurekodiwa kwa Trout Mask Replica, albamu ya Beefheart ambayo mpaka leo watu wanaibishania. Kisha wakakosana. Beefheart alilalamika hadharani kwamba rafiki yake alimuuza kama kituko.

Mwaka 1974 mambo yakamgeukia. Wanamuziki wake walimkimbia, mikataba ikamfunga mikono. Ikabidi amrudie yuleyule aliyekuwa akimsema. Hapa ndipo niliposimamisha kanda. Kwa maelezo ya Zappa mwenyewe, Beefheart aliomba radhi akaomba na kazi, na Zappa akamweka kwenye majaribio. Akafeli! Akajaribu tena mwaka uliofuata, akapita kwa shida.

Nikajisemea moyoni: huyu jamaa alikuwa na jina kuliko mimi mara elfu, na alifeli mbele ya rafiki yake wa utotoni, akarudi tena.

Wakaondoka wakazunguka na bendi ya watu wanaojua kazi: George Duke kwenye kinanda, Napoleon Murphy Brock na saksofoni yake, Denny Walley na gitaa la kuteleza, kijana Terry Bozzio kwenye dramu. Tarehe 20 na 21 Mei 1975 wakarekodiwa mjini Austin, Texas, kwenye ukumbi ulioitwa Armadillo World Headquarters, ambao zamani ulikuwa ghala la silaha. Vipande vichache vya albamu ni vya studio, lakini roho yake ni zile siku mbili. Ikatoka mwaka huohuo.

Sasa sikiliza kilichonikamata. Zappa hakumlegezea rafiki yake hata kidogo. Bendi inageuka kona kali, na Beefheart lazima ageuke nayo. Hata hivyo, mara mbili kwenye albamu Zappa anampisha. Beefheart anasoma mashairi yake mwenyewe, na wapigaji wanamfuata nyuma kama watu wanaosindikiza mgonjwa wasitake kumwamsha. Yule mtu wa mpangilio alijua kipi hawezi kukipanga. Mwishoni kabisa anaaga mji na kuwataja wanamuziki mmoja mmoja, na Kapteni naye anatajwa, kama wenzake.

Usidhani walipatana. Huko safarini Beefheart alikuwa akikaa jukwaani anachora kwenye daftari, na mwenzake akaudhika. Mwaka uliofuata kanda za albamu ya Beefheart iitwayo Bat Chain Puller zikanaswa kwenye mgogoro, zikakaa kabatini hadi 2012. Wakati huo wote wawili walikuwa wamekwisha kufa: Zappa mwaka 1993, Beefheart, aliyeacha muziki akabaki na brashi ya rangi, mwaka 2010. Hawakutoa tena albamu yenye majina yao mawili juu.

Kwa hiyo wenzangu mnaochipukia kwenye uandishi, msinielewe vibaya. Sisemi kwamba muziki uliponya urafiki, maana haukuponya. Nasema hawakungoja upone ndipo wapande jukwaani. Walikuwa na kinyongo na siku mbili, wakazitumia siku mbili. Mimi nilikuwa nangoja mshikaji anipende kwanza kama zamani, ndipo nisome. Kumbe alichotaka ni kunisikia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na huenda la pili ndilo heshima kubwa zaidi kwa mwandishi.

Jana nimemjibu. Nimeandika neno moja tu: nakuja. Naye akajibu kwa saa: kumi jioni, Jumamosi, usichelewe. Hakuna salamu wala utani. Moyo uliuma kidogo, sikatai.

Leo Ijumaa. Nimetia madaftari yangu matatu kwenye mfuko, nimeuning'iniza mlangoni nisije nikausahau. Naweza kufeli. Mjomba ananiangalia anacheka, anauliza kama nikifeli nitarudi tena. Bado sijampa jibu.