Kuvunja Mkono

Sisi mafrateri tunaosoma falsafa hapa Marekani tumejifunza mengi darasani, lakini somo la tahadhari tumelipata pia kwenye meza ya mah-jongg, katika ukumbi wa parokia, tukicheza na kina mama.

Mchezo huu asili yake ni China, ila Wamarekani wana kanuni zao. Chama cha National Mah Jongg League, kilichoanzishwa New York mwaka 1937, hutoa kila mwaka kadi yenye orodha ya mikono inayoshinda. Kete ni 152, nane kati yake zikiwa jokeri. Mchezaji hushika kete 13 akiitafuta ya 14.

Anayeokota kete iliyotupwa ili akamilishe kundi hana budi kuliweka kundi hilo wazi juu ya kibao chake. Hapo ulinzi huanza. Tuseme ameweka wazi 3 tatu, kisha 6 nne. Tunaitazama kadi: mikono mingi imekwisha kufutika. Huenda anatafuta 3, 6 na 9, au mfululizo wa 3 hadi 6. Basi 4, 5 na 9 ni hatari. Kete za upepo kwa kawaida zina nafuu. Tunazitazama pia zilizotupwa. Kama 9 tatu za aina moja zimeshalala mezani, hawezi tena kupata jozi yake, maana jokeri haitumiki katika jozi. Lakini akiwa na jokeri za kujazia kundi, ile ya nne bado anaweza kuidaka. Jokeri ndiyo salama kabisa kuitupa, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuiokota.

Aliyetupa kete ya ushindi hulipa mara mbili, na wengine wawili hulipa pia, ingawa hawakutupa wao. Kete zikiisha bila mshindi, hakuna anayelipa.

Ugumu huja pale tunapobakiza kete moja tushinde, halafu tunaokota 9. Kuishika ni kuvunja mkono tulioujenga tangu mwanzo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaihesabu tahadhari kuwa sehemu ya busara, na wazee wetu walisema tahadhari kabla ya hatari. Kulikubali hilo ni rahisi. Kuutenganisha mkono mzuri kunauma.

Mwenzetu mmoja aliacha malezi mwaka jana, baada ya miaka mingi. Wapo waliosema amepoteza muda. Sisi tulioishi naye tuliona jinsi alivyozitazama dalili moja baada ya nyingine, akatambua kwamba kung'ang'ania kungemgharimu yeye na watu ambao angetumwa kwao. Akaondoka kwa amani, na tunaendelea kumpigia simu kila Jumapili.

Sisi tuliobaki bado tunaupenda mkono tulioushika. Tunaomba macho ya kuona kilicho wazi mbele yetu, na moyo wa kuachia ikibidi.