Vijiko Viwili vya Sukari

Akina mama wenzangu, mkiwaona watoto wanatoka na manati alfajiri mwezi wa Oktoba, msidhani wanafuata maembe tu. Huku kwetu Tanga, kusi inapokwisha na kaskazi bado haijashika, mikwaju na miarobaini hupata ndege wageni. Wametoka Ulaya na Urusi, wakikimbia baridi. Mbayuwayu tunamfahamu; hata nabii Yeremia anamtaja katika sura ya 8. Lakini wako wadogo kuliko yeye, kijani hafifu mgongoni na manjano kidogo kifuani, ambao wengi wetu hupita chini yao bila kuwatazama.

Mimi huwapiga picha nikitoka zamu ya usiku, kwa kamera kuukuu niliyopewa na kaka yangu. Kazi ni kusimama tu, jua likiwa mgongoni. Ukimfuata, huruka, ukitulia, atakuja mwenyewe akitafuta wadudu. Safari imemchosha, ndiyo maana na manati humpata kwa urahisi.

Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniuliza, "Mama Nesi, mwanangu akipata kitoweo, umkataze kwa ajili ya picha?" Swali hilo lilinikaa moyoni. Kwao kitoweo si cha kila siku, na mwenye njaa huwezi kumhubiria habari za ndege. Basi Jumapili nilikwenda kwenye darasa la watoto na kijiko tunachopimia sukari ya maji ya mtoto anayeharisha. Nikamtilia mwanawe vijiko viwili kiganjani. Ndege yule ana gramu 9 hivi, manyoya na mifupa humo humo. "Nyama iko wapi hapo?" nikamwuliza. Akacheka, akairamba sukari.

Nikawasimulia habari za Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Tangu 1969 wataalamu huwanasa wasafiri hawa kwa nyavu laini usiku wa ukungu, huwavika pete mguuni na kuwaachia. Pete za Ngulia zimepatikana hadi Urusi. Hapo darasa zima lilinyamaza.

Suala la kitoweo, lakini, halikwisha kwa sukari. Kikundi chetu cha akina mama kilimpa yule mama mitetea miwili, na mmoja tayari anaatamia. Kijana wake msimu huu atashika kamera, maana Oktoba yote nimepangiwa zamu ya asubuhi.