Mgeta, ambako maziwa ya mtoto yanatoka bandani

UKITOKA Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, unakata kushoto Sangasanga na kuanza kupanda Milima ya Uluguru. Joto la mjini linabaki nyuma. Ukifika Nyandira, katika tarafa ya Mgeta, shati la mikono mifupi halitoshi tena. Pembeni mwa barabara akina mama wanashuka na kabichi, karoti na njegere kichwani, mzigo ambao sehemu yake italiwa Dar es Salaam.

Mashamba ya huku yamening'inia. Kaya nyingi zina vipande vidogo, vingine vyenye mteremko mkali kiasi cha mgeni kujiuliza mtu anasimamaje kulima. Ng'ombe anataka majani mengi na mahali pa kusimama, na vyote ni haba. Mnyama wa maziwa wa Mgeta ni mbuzi.

Mbuzi hao asili yao ni Norway. Waliletwa miaka ya 1980 katika ushirikiano wa nchi hiyo na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), na baridi ya milimani ikawafaa. Wa leo wamezaliwa hapa hapa, wengi wakiwa na damu ya mbuzi wa kienyeji: weupe, wa kijivu, wengine na mabaka ya kahawia.

Hawaachwi wazurure. Mbuzi mmoja akiponyoka asubuhi anaweza kumaliza tuta la kabichi la jirani kabla ya chai, na ugomvi wake ukafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wanakaa katika banda lililoinuliwa kwa nguzo, sakafu yake ya mbao zilizoachiana nafasi ndogo. Kinyesi kinadondoka chini, kwato zinabaki kavu, na samadi inarudi shambani. Majani yanakatwa na kuletwa: matete, majani ya viazi vitamu, matawi ya miti ya malisho. Anayebeba mzigo huo mara nyingi ni mama au watoto wakitoka shule.

Katika nyumba moja ya tofali chini kidogo ya barabara, mama wa watoto watatu anaanza kukamua saa kumi na mbili asubuhi. Ananawa mikono kwa sabuni, anafuta kiwele kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kisha anakamulia matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi. Yakiwa na mabonge, kiwele kina ugonjwa na maziwa hayo hayanywewi. Beberu hayupo karibu, maana maziwa hunasa harufu yake upesi. Leo amepata lita moja na kidogo.

Zamani yote yaliuzwa. Fedha ilinunua chumvi, madaftari, mafuta ya taa, na hakuna aliyeona kosa. Halafu siku moja kliniki, muuguzi akafungua kadi ya mtoto wa mwisho na kumwonyesha mstari wa uzito uliolala miezi mitatu. Akauliza nyumbani kuna nini. Kuna mbuzi wa maziwa. Na maziwa yanakwenda wapi? Mama anasema swali hilo alitembea nalo njia nzima ya kupanda nyumbani.

Mumewe hakukubali siku hiyo. Alipiga hesabu ya kikombe kimoja kila siku kwa mwezi, na ilikuwa fedha ya kuonekana. Hata hivyo sasa kikombe cha mtoto, ambaye ana miaka minne, kinatengwa kabla mnunuzi hajabisha hodi.

Kinachemshwa kwanza. Wapo wanaoamini maziwa ya mbuzi ni dawa na yakipikwa yanapoteza nguvu, na hapo ndipo hatari ilipo. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela, vinavyoleta homa ya kuja na kuondoka, jasho na maumivu ya viungo. Mgonjwa anaweza kutibiwa malaria mara mbili tatu kabla ya mtu kuuliza kama anafuga. Mbuzi akitupa mimba, kilichotoka kisishikwe kwa mikono mitupu, bali kifukiwe mbali na mbwa.

Jingine ni kwa wenye watoto wachanga. Hadi miezi sita mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake. Maziwa ya mbuzi yana protini na madini ya chokaa, lakini yana foleti kidogo mno, na mtoto mdogo akiyategemea peke yake huishiwa damu. Wala si tiba ya pumu, hata kama muuzaji ataapa. Ni chakula, na kwa mtoto wa miaka minne anayeshindia ugali na mboga, chakula hicho si kidogo.

Shida ya nyumba hii sasa ni kalenda. Mbuzi ana mimba, na mbuzi hubeba miezi mitano. Miezi miwili ya mwisho hakamuliwi, ili apate nguvu za kuzaa na kumlisha mwanawe. Safari hii baba alimtafutia beberu kitongoji cha mbali, kwa sababu beberu wa jirani ndiye baba wa mbuzi huyu, na wanaozaliwa kwa damu moja hutoka dhaifu.

Kikombe kitajazwa na nini miezi hiyo miwili? Mama amekwishazungumza na shemeji yake wa ng'ambo ya korongo, ambaye mbuzi wake amezaa majuzi. Atapewa kikombe kimoja kila jioni, na wa kwake akizaa atarudisha, kikombe kwa kikombe. Wa kuvuka korongo kukifuata ni binti mkubwa, na ameshaanza kulalamikia matope.