Bati linalotoa jasho (Sehemu ya 4)

Mama zangu, Juni hii baridi ya huku kwetu Njombe si mchezo. Wodini watoto wa kukohoa ni wengi, na nikiuliza nyumba ikoje naambiwa: "Nesi, bati letu linavuja hata bila mvua."

Halivuji jamani! Usiku bati linapoa sana. Pumzi zenu, mvuke wa sufuria, nepi mlizoanika ndani, vyote vinapanda juu, vinagusa bati la baridi, vinageuka maji. Dari ikilowa kila siku inaota ukungu mweusi, na ukungu unasumbua kifua cha mtoto, hasa mwenye pumu.

Dari pigeni, inapunguza baridi. Mkiweka na pamba ya kuzuia baridi juu yake, isigusane na bati. Acheni nafasi hewa ipite. Na yale matundu pale ukuta unapokutana na paa, msiyazibe kwa matambara. Wekeni wavu, popo wasiingie. Hewa iingie huku, itokee kule, iondoke na unyevu.

Halafu jiko la mkaa lisilale chumbani na mtoto, hata baridi iume vipi. Sumu yake haionekani wala hainuki, na inaua watu usingizini.

Nepi leo zianikeni nje.