Mabonde ya Buha na Karatasi ya Kibali

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Buha, twende pamoja leo kwa njia ya gazeti. Na kama u mwenyeji wa huko, uvumilie kusikia habari za kwenu, maana kitu tunachokiona kila siku ndicho tunachosahau kukitazama.

Nchi ya Waha ni nchi ya vilima. Ukishika barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo, ukapita Makere na Busunzu, utaona jambo moja likirudiwa njia nzima: kilima, halafu bonde, halafu kilima tena. Juu na ubavuni mwa vilima ndiko kwenye migomba, mihogo na nyumba za watu. Chini kabisa kuna ukanda wa majani mabichi. Hata mwezi wa Agosti, wakati vilima vimekauka na kugeuka rangi ya manyoya ya simba, ukanda ule hubaki kijani. Ndipo yanapoota mafunjo na matete. Ndipo akina mama wanapopata maji ya kunywa wakati visima vya juu vimekauka, na ndipo penye maharage na mboga za kiangazi.

Desturi ya zamani ya Waha ilikuwa kujenga miji yao kwa kutawanyika katikati ya migomba, juu na ubavuni mwa vilima. Bonde liliachwa liwe bonde. Katika miaka ya 1972 hadi 1974, wakati wa Operesheni Kigoma, familia nyingi zilihamishwa kutoka katika makao hayo, zikakusanywa katika vijiji vilivyopangwa kando ya barabara. Wengine walijikuta karibu na mabonde kuliko walivyozoea babu zao. Hata hivyo, mahali penye tope jeusi na mafunjo hapakuwa mahali pa kusimamisha nyumba. Jambo hilo halikuandikwa katika sheria yoyote. Kila mtoto alilijua.

Sasa tuyafuate maji yenyewe, maana yana safari ndefu kuliko yetu. Mabonde mengi ya njia hii hupeleka maji yake katika mto Malagarasi, ambao una urefu wa kilometa 475 hivi. Mto huo huanzia katika milima ya mpakani mwa Tanzania na Burundi, huzunguka upande wa Kibondo, kisha huingia katika kinamasi kikubwa sana na kukutana na mto Moyowosi. Baadaye hugeuka kwenda magharibi na kumwaga maji katika Ziwa Tanganyika. Ziwa nalo hutokea kwa mto Lukuga kwenda Kongo, na Kongo huenda katika bahari ya Atlantiki. Ndiyo kusema, ndoo ya maji unayoimwaga bondeni Kibondo yaweza kupita nchi mbili kabla ya kufika baharini.

Kinamasi hicho cha Malagarasi na Muyovozi si kitu kidogo. Mwaka 2000 kilitangazwa kuwa mahali pa kwanza pa Tanzania katika orodha ya ulimwengu ya ardhi oevu zenye thamani kubwa, kufuatana na mapatano yaliyofanywa mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran. Eneo lake ni hekta milioni 3.25. Huko hukaa ndege adimu sana, mkubwa, wa rangi ya kijivu, mwenye mdomo mpana kama kiatu. Lakini kinamasi kikubwa hulishwa na vinamasi vidogo. Kile kibonde kilicho nyuma ya nyumba yako, ambacho hakina jina katika ramani yoyote, ni mmoja wa watoto wake.

Kibonde hicho hufanya kazi gani? Kazi yake ni kama ya sifongo. Mvua ikinyesha kwa nguvu mwezi wa Machi, maji hushuka kutoka vilimani kwa kasi, yamebeba udongo. Yakifika katika mafunjo hupunguza mwendo, huacha udongo wake, na hukaa humo. Kisha hutoka polepole, leo kidogo na kesho kidogo, miezi yote ya kiangazi. Kwa hiyo bonde moja hutuokoa mara mbili: wakati wa masika hutukinga na mafuriko, na wakati wa kiangazi hutupa maji ya kunywa.

Basi, siku hizi mambo yamebadilika. Watu wameongezeka: hesabu ya mwaka 2012 ilionyesha mkoa wa Kigoma una watu milioni 2.13, na ile ya mwaka 2022 ilionyesha milioni 2.47. Kasulu umekuwa mji wenye halmashauri yake. Barabara ya kwenda Kibondo na Nyakanazi imeanza kuwekewa lami, na kila penye lami bei ya viwanja hupanda. Viwanja vya mlimani vimekuwa ghali, na mtu wa kipato kidogo huambiwa: “Kuna kimoja cha bei nafuu kule chini.”

Tuseme, baba, ni wewe unayeambiwa hivyo. Umeuza maharage ya misimu mitatu, umeuza na ng'ombe mmoja, unataka kuwajengea watoto wako nyumba ya matofali karibu na shule. Unakwenda kukitazama mwezi wa Agosti. Unauliza, “Mzee, hapa maji hujaa?” Naye anajibu, “Aa, kidogo tu, wakati wa masika. Utamwaga kifusi malori machache, itakwisha. Kibali tutapata, kiongozi nitamwona mimi.” Baada ya wiki moja unaletewa karatasi yenye mhuri. Unafurahi, unatoa fedha.

Tusimame hapo kwanza, tuisome karatasi ile. Imeandikwa nini? Pengine ni karatasi ya mauziano tu, iliyoshuhudiwa na kiongozi wa mtaa. Hiyo ni ushahidi kwamba fedha zilitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Haikupi ruhusa ya kufukia maji. Pengine ni kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Hicho huruhusu nyumba ya ramani fulani katika kiwanja fulani; hakisemi lazima kwamba waweza kuziba kinamasi. Kila mamlaka ina mpaka wake, na mhuri hauna nguvu nje ya mpaka wa yule aliyeugonga.

Sheria zetu zasemaje? Katika kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, huipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi, lakini haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali. Mwenyekiti peke yake, hata awe mwema namna gani, hana uwezo huo. Kadhalika sheria hiyo, pamoja na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huo huo, huhesabu vinamasi, na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, miongoni mwa ardhi ambayo waziri aweza kuitangaza kuwa ardhi ya hatari.

Tena kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004. Hiyo hukataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, au zile ziwezazo kuharibu mahali hapo. Hutaka pia kibali kwa mtu anayetaka kujenga, kuchimba, kumwaga vitu, kuziba au kukausha mto, ziwa au kinamasi. Ndiyo maana kila halmashauri hupaswa kuwa na afisa wa mazingira, na ndiyo maana pale mjini Kigoma kuna ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Hao nao ni watu wa kuulizwa. Kuuliza ni bure. Kubomoa ni ghali.

Pengine utasema, “Lakini wengine wamejenga, na hakuna aliyewagusa.” Ni kweli. Hebu tutazame walikofika wenzetu waliotangulia.

Dar es Salaam liko bonde la mto Msimbazi, na sehemu yake iitwayo Jangwani. Watu walijenga humo mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Mwezi wa Desemba 2011 ilinyesha mvua kubwa, na watu 40 au zaidi walikufa mjini humo kwa mafuriko. Serikali ikawapa wengi wa walionusurika viwanja huko Mabwepande. Mwezi wa Desemba 2015 matingatinga yalipelekwa bondeni kubomoa nyumba zilizobaki. Baadhi ya wenye nyumba walikuwa na leseni za makazi na risiti za kodi. Walizishika mikononi huku kuta zikianguka. Wala wakubwa hawakuwa na akili kuliko wadogo, maana kituo cha mabasi yaendayo kasi kilijengwa papo hapo Jangwani, na maji yakakiingia mara kwa mara. Mto hauulizi kama ni nyumba ya maskini au ya umma.

Uganda nako, mwaka 2014 baraza la mawaziri liliamua kwamba hati za viwanja zilizotolewa ndani ya vinamasi kinyume cha sheria baada ya mwaka 1995 zifutwe. Waliokuwa na hati walidhani wamefika mwisho wa safari, kumbe kilichotolewa na ofisi chaweza kufutwa na ofisi, kama kilitolewa vibaya.

Haya, tuseme hakuna anayekuja kubomoa. Je, maji yatakwenda wapi? Chukua kiwanja cha mita 20 kwa mita 20. Kama wakati wa masika maji husimama hapo kimo cha nusu mita, hayo ni lita 200,000, yaani ndoo 10,000 za lita 20. Ukifukia, ndoo hizo 10,000 hazipotei. Waswahili husema maji hufuata mkondo, na yakikosa mkondo wake huufanya wa jirani. Yataingia jikoni kwa mama mjane anayekaa chini yako, ambaye hakuuza wala hakununua kitu. Akifukia na wa pili, na wa tatu, bandu bandu huisha gogo; chemchemi ya chini itakauka mwezi wa Julai, na wasichana watakwenda mbali zaidi na ndoo zao kabla ya kwenda shule.

Hata nyumba yako mwenyewe haitapona. Tope jeusi huvimba likipata maji na kusinyaa likikauka, na kuta zilizo juu yake hupasuka. Choo cha shimo hujaa maji kutoka chini, uchafu ukatoka na kuingia kisimani, na homa ya matumbo ikaingia nyumbani. Fedha za ng'ombe yule zitakuwa zimenunua ugonjwa.

Bwana wetu alitueleza habari za mtu mpumbavu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Tumezoea kuisikia kanisani kama habari ya roho tu, lakini wasikilizaji wa kwanza waliyajua mabonde ya nchi yao, wakaelewa mara moja. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 iitwayo Laudato Si', alikumbusha kwamba ardhi oevu zikigeuzwa mashamba, viumbe wengi sana waliokaa humo hupotea. Akafundisha pia kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya kila mtu. Basi kumnyima jirani maji kwa kuziba chanzo chake ni jambo la dhamiri, hata kama hakuna askari aliyeona.

Sitaki kumlaumu mtu maskini ambaye kiwanja hicho ndicho pekee alicho nacho. Kwake nasema hivi. Kwanza, usimwage hata lori moja kabla ya kwenda halmashauri, kwa afisa ardhi na afisa mazingira, ukaonyeshwe kiwanja chako katika ramani ya mpango wa mji au wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Kama kilitolewa na halmashauri yenyewe, omba kwa maandishi ubadilishiwe, na utunze nakala. Pili, kama sehemu ya juu ni kavu na inaruhusiwa, jenga hapo, choo kikiwa mbali na maji, na sehemu ya chini uiache na mafunjo yake. Pembeni waweza kupata mboga na magimbi, bila kuchimba mifereji ya kulikausha bonde. Usipande mikaratusi humo, maana hunywa maji mengi. Tatu, kama bado hujalipa, rudi ukitazame kiwanja mwezi wa Machi, baada ya mvua kubwa, tena ukawaulize akina mama wanaochota maji hapo. Wao hawauzi kitu, na watakuambia kweli.

Nanyi mlio viongozi wa vijiji na mitaa, wengi wenu ni wasomaji wetu na walei katika parokia zetu. Mkiletewa karatasi ya kugonga mhuri, shukeni kwanza bondeni kwa miguu yenu, mkaone maji yanatoka wapi na yanakwenda kwa nani. Huyo yanayemwendea hayupo ofisini siku ile. Hajui hata kama kuna karatasi. Hana mtu wa kumsemea isipokuwa ninyi.