Tangi Bovu

Kila asubuhi ya siku ya kazi, mimi na binti yangu tunapanda daladala Tegeta kabla ya saa kumi na mbili. Mwenge tunashuka, namkabidhi kwa mama anayelea watoto mchana, kisha natafuta gari la Posta. Ana miaka mitatu. Amerithi jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo namwita "mama", na gari likijaa watu hugeuka kumtafuta mwanamke mzima.

Nampakata. Mdomo wake unakuwa usawa wa sikio langu, na wa masikio ya abiria wengine wanne.

Siku moja konda aliita, "Tangi Bovu wapo?"

"Baba, tangi liko wapi?"

"Hakuna tangi, mama. Ni jina la kituo."

"Limeenda wapi?"

"Labda liliondolewa. Si lilikuwa bovu?"

"Fundi hakuja?"

Nikasema hakuja. Akanyamaza kidogo, akiutafakari uzembe wa fundi, kisha akamgeukia bibi mwenye ndoo ya vitumbua. "Fundi hakuja."

"Ndivyo walivyo, mjukuu wangu," bibi akajibu. "Wangu anayo cherehani yangu tangu Pasaka."

Tangu hapo hatupiti pale bila kuulizia fundi.

Kuna na siku aliyopaza sauti, "Shusha!" Konda akagonga bodi, dereva akasimama. Hakuna aliyeshuka. "Nani kashusha?" Binti yangu akanyoosha mkono, kama anavyofundishwa. "Nilitaka kuona kama anasikia." Nilimwomba konda radhi huku nikiuma midomo nisicheke. Watu wazima tumepanda magari haya miaka yote na hatujawahi kufanya jaribio hilo.

Halafu likaja la Lugalo. Foleni ilikuwa imegoma, na konda, kwa kukosa la kufanya, akaanza kumchokoza.

"Unaenda wapi, mrembo?"

"Shule."

"Na baba?"

"Baba anarudi kwake."

"Kwake wapi?"

"Posta. Baba anakaa Posta. Usiku anakuja kulala kwetu."

Gari zima likaangua kicheko. Kijana wa siti ya nyuma akasema, "Mzee, leo umechomewa!" Dada aliyekaa pembeni yangu hakucheka. Alinitazama, akamtazama mtoto, akarudi kwenye simu yake, na nilijua ameshaniandalia mke wa pili na nyumba ya kupanga. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ila kwenye gari la Posta nilipiga hesabu. Natoka ofisini saa mbili usiku, nafika saa tatu na nusu, nimkute amelala. Jumamosi nipo kazini nusu siku, na nusu hiyo ina tabia ya kurefuka. Mtoto ananiona nikiamka kwao, nikimpeleka, nikiondoka. Mtu anayefanya hivyo mjini hapa tunamwitaje?

Nilimwomba bosi angalau Jumatano niwe natoka saa kumi na moja. Akasema, "Tutaona." Nimekaa pale miaka sita, naijua hiyo tutaona.

Jumatano iliyopita niliacha kompyuta ikiwaka na koti kwenye kiti, nikatoka kama naenda msalani. Nikampigia mke wangu kwamba leo mtoto nampitia mimi. Binti yangu aliponiona getini hakukimbia kunilaki. Alisimama na begi lake, akinichunguza.

"Leo utalala kwetu?"

"Nitalala."

Tulipata siti ya dirishani. Tangi Bovu akauliza habari za fundi, nikamwambia bado. Akaegemea kifua changu, nikadhani amesinzia.

"Baba. Umeaga kwenu?"

"Sijaaga."

"Basi watakuchapa," akasema, na kabla hatujafika Africana alikuwa amelala.