Kipimo cha Mgongo

Moshi. Nimesimama ng'ambo ya barabara nikilitazama jengo la KNCU, nyumba ya ushirika wa wakulima wa kahawa. Aliyelichora ni Ernst May, Mjerumani aliyeingia Tanganyika mwaka 1934 akawa mkulima kwanza, akarudia usanifu baadaye. Kabla ya hapo, 1925 hadi 1930, alisimamia ujenzi wa mitaa mipya ya Frankfurt. Huko, mwaka 1926, msanifu mwenzake Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la mita 1.9 kwa 3.4, makabati ya kipimo kimoja, kila chombo kwenye upeo wa mkono. Majiko ya namna hiyo yakafungwa kama 10,000. Bibi huyo alihesabu hata hatua za mpishi ili amwondolee uchovu, na kwa hilo namvulia kofia: mke wa mfanyakazi alipata kitu kizuri kwa kuwa kilitengenezwa kwa wingi. Lakini jiko lile ni la mpishi mmoja. Kwetu mama hupika na binti, jirani akimenya ndizi mlangoni.

Goma. Kwenye mzunguko kuna sanamu ya chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, imepakwa rangi ya dhahabu. Chukudu zenyewe zinapita chini yake, zimebeba makaa na viazi. Fundi wa chukudu hana mchoro. Huchukua gurudumu la zamani, akakata jipya kwa kulifuata, akalivisha mpira wa tairi lililochakaa.

Ntoto. Malisho ya Masisi yameisha nyuma yangu, msitu wa Walikale umeanza. Hapa sokoni, Machi 1993, watu wengi waliuawa, na vita vikaenea Masisi nzima. Tangu hapo watu wamekimbia na kurudi, wamekimbia tena.

Mzee mmoja seremala amenikaribisha kwenye kiti cha mbao mbili. Ubao mrefu una tundu; ubao wa pili, wa kukalia, unapenya humo. Ukiketi, uzito wako ndio unaokaza. Msumari hamna, gundi hamna.

“Papa, mbona hakuna hata musumari?”

“Siku ya kukimbia tunachomoa, tunabeba.”

Akachomoa, akazilaza mbao moja juu ya nyingine, akaziweka mgongoni. Nikaomba ubao wa kukalia wa kiti cha jirani yake, nikauingiza kwenye cha mzee. Ukakaa sawasawa. Kumbe tundu hupimwa kwa kijiti chenye alama, na mafundi wa hapa wanaazimana kijiti hicho. Kile ambacho Frankfurt ilikitafuta kwa viwanda, kipande cha huyu kuingia kwenye cha yule, hapa kinapatikana kwa kijiti kimoja. Tena kiti hiki kinajua jambo ambalo jiko la Frankfurt halikuulizwa: kwamba mwenye nyumba huenda akaondoka usiku.

Katika darasa la shule ya hapa nimekuta madawati ya chuma yaliyoletwa kutoka mbali. Mawili yamevunjika miguu, yameegemezwa ukutani, maana mchomeleaji hayupo kijijini. Watoto wameketi juu ya magogo.

Wasanifu wenzangu wa Goma, Bukavu na Kigali mnaochorea shule za milima hii: kabla ya kushika kalamu, fikeni Ntoto, mwombeni mzee awaonyeshe kijiti chake.